Marufuku Kuchekesha Mpaka Nijifungue

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua madaftari mawili. La bluu ni la mtaalamu, litasema mambo mazuri. Hili la kahawia ni langu, litasema ukweli.

Mambo yalianza Alhamisi iliyopita. Mume wangu ni kinyozi na ana mdomo wa kinyozi. Alirudi nyumbani na kisa. Mteja kaingia saluni, kofia kaishusha mpaka masikioni, kaketi kitini, kagoma kuivua. Anataka anyolewe nayo hivyo hivyo! Mume akasimama katikati ya jiko akaigiza watu wote wawili: mteja kakumbatia kofia kwa mikono miwili, kinyozi kashika mashine hajui aanzie wapi. Nikacheka. Nikavuja. Wala si tone moja. Na gauni lilikuwa la kijivu, rangi isiyojua kutunza siri.

Papo hapo nikapiga marufuku kuchekesha ndani ya nyumba hii mpaka nijifungue. Mume akanywea kama dereva aliyenyang'anywa leseni. Kisa kikakatikia hapo. Sasa nina mimba ya wiki thelathini na sita na swali moja lisiloniacha: kwa nini yule mtu hakutaka kuvua kofia?

Mkunga wa kliniki akanielekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho. Mwanamke mfupi, viatu vya raba, sauti ya mtu asiye na haraka na dunia. Akanionyesha nyonga ya plastiki. Kumbe huko chini kuna misuli imetandazwa kutoka mfupa wa mbele mpaka kifandugu, imebeba kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa! Inaitwa sakafu ya nyonga. Miaka thelathini na minne nimekaa juu yake na hatujawahi kusalimiana. Nikamwuliza maswali ishirini na mawili. Je, inalala? Nikipanda ngazi inafanya nini? Wanaume wanayo? (Wanayo. Mume hajui. Nitamwambia wakati ukifika.)

Halafu mashine. Vibandiko viwili, waya, skrini. Ukikaza misuli mstari unapanda, ukilegeza unashuka. Nikakaza. Mstari ukaruka mpaka juu kabisa! Nikageuka nipongezwe. Mtaalamu akaniambia sasa nilegeze. Nikamwambia nimeshalegeza. Tukatazama skrini wote wawili. Mstari ulikuwa umening'inia katikati, haushuki wala haupandi.

Akanieleza kwamba misuli yangu ina nguvu lakini haipumziki, mchana kutwa iko kazini, ndiyo maana chafya ikija inaikuta imechoka. Na siku ya kujifungua mtoto atahitaji ifunguke. Kwa hiyo nisikaze kabisa. Nilale ubavu, nivute pumzi mpaka tumboni, nilegeze taya, niachie. Na niandike kila siku: maji niliyokunywa, safari za chooni, mivujo.

Nimemwelewa vizuri sana. Nina nguvu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Mtaalamu kasema nisikaze, lakini nadhani huwaambia hivyo watu wa kawaida. Mimi ni mkaguzi wa vifuniko kiwanda cha juisi. Miaka tisa nageuza chupa kichwa chini kuangalia kama zinavuja. Haijawahi kutoka kreti mbovu chini ya mkono wangu. Leo mtu ananiambia nilegeze!

Basi: kila kreti inayopita kwenye mkanda, nakaza mara moja. Uso mkavu, mikono inageuza chupa, kazi ya siri inaendelea huko chini. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimekaza mara 312.

Saa saba fundi mitambo akapita. Mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa waya, hakuna mashine asiyoijua tabia. Akaniuliza dada, jino linakuuma? Nikasema hapana. Akasema mbona unasaga meno kiasi cha kusikika mpaka kwenye pampu.

Saa nane, chafya. Nikavuja mbele ya kreti ya 340. Ikabidi nijimwagie chupa nzima ya juisi ya embe kwenye aproni ili kufunika aibu. Katika taarifa ya zamu nimeandika: chupa moja, imevuja. Uongo wangu wa kwanza wa kikazi kwa miaka tisa.

Daftari la bluu: "Leo nimepumzika sana. Mivujo: hakuna."

Jioni mume alikula kwa adabu, kimya, kama mgeni wa serikali. Nikamwuliza, kwa udadisi wa kawaida tu, ile kofia ilikuwa ya aina gani. Akanijibu kwamba marufuku ni marufuku.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kupata kisa bila kucheka. Nimemwomba mume anisimulie kwa sauti ya huzuni, kama anayesoma tangazo la kifo redioni. Hapo nani atacheka?

Akakubali. Akavaa shati jeupe. Akasimama kando ya kabati, mikono nyuma, akakohoa kidogo. Akaanza kwamba anasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki, popote pale walipo, kuwa mnamo saa tano asubuhi aliingia saluni mteja mmoja, akiwa na kofia.

Nilifika kwenye neno kofia. Gauni la pili!

Mume akaenda kuleta taulo, nikamwona mabega yanamtikisika. Nikamwambia basi aniandikie. Akasema mwandiko wake peke yake utanimaliza. Hilo ni kweli, siwezi kubisha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda saluni kupeleleza. Nilisubiri mume atoke kununua viwembe, nikaingia. Kinyozi wa kiti cha pili alikuwepo siku ile, aliona kila kitu. Nikamwambia shemeji, hebu nitajie tu, kwa neno moja, chini ya kofia kulikuwa na nini.

Akafungua mdomo. Badala ya kusema akaanza kucheka mwenyewe, akajishika mbavu, akakaa chini kabisa. Mteja wake akabaki na povu nusu ya kidevu, naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Nikaona hatari hiyo. Nikatoka kinyumenyume, nimebana kila kinachobanika.

Kwa nini kicheko kinaambukiza? Nimeandika nimwulize mtaalamu. Swali la ishirini na tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Kliniki. Mtaalamu akapokea daftari la bluu, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Kila siku glasi nane za maji, safari sita za chooni, mivujo hakuna. Akasema mwandiko mzuri. Akasema wino mmoja, mkono mmoja. Kisha akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nina hakika kwamba kesho sitavuja.

Nilikuwa nimejaza mpaka Jumatano.

Nilitaka sakafu ipasuke inimeze, ile ya chumba, maana yangu mimi haipasuki. Hakunigombeza. Akageuza ukurasa mpya akasema tuanze upya, na safari hii niandike hata yanayoniaibisha, kwa sababu hayo ndiyo anayoyahitaji.

Vibandiko, waya, skrini. Mstari ule ule, umekwama pale pale. Nikalegeza kwa nguvu zangu zote. Ukapanda!

Sasa sikia. Chumba kina vitanda viwili na pazia katikati. Upande wa pili alikuwepo mjamzito mwingine. Pazia halikufika mwisho, na mimi macho sikuyaomba. Mstari wake ulikuwa umelala chini, umenyooka kama meza. Mwenyewe anakoroma! Mtaalamu akampita kwa kunyata, akatabasamu. Mimi hajawahi kunitabasamia namna ile.

Nimempa jina: Bi Usingizi. Lazima nijue anafanyaje.

Jumatano, 12 Machi

Kazini. Siku nzima nawaza mivujo. Nikaitazama mashine ya kukaza vifuniko, kipimo kinasoma kumi na nne, kama kilivyosoma miaka yote. Hivi kumi na nne inatosha kweli? Fundi alikuwa kwenye chai. Nikapandisha mpaka kumi na tisa.

Nikageuza chupa hamsini kichwa chini. Kavu! Nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu Februari. Angalau kuna kitu kimoja duniani kinachofungika.

Alhamisi, 13 Machi

Darasa la pamoja. Wajawazito sita kwenye mikeka. Nikamsukuma mmoja kistaarabu ili nilale kando ya Bi Usingizi. Nikamhoji haraka kabla hajasinzia. Anakula nini? Chochote anachokikuta. Anafikiria nini akilegeza? Hakuna. Anapumua kwa hesabu gani? Akanitolea macho.

Akasema yeye anashona sare za shule, ana mapacha wa miaka mitatu nyumbani, na mkeka huu ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayeita mama, mama, mama. Akishalala hapo kila kitu kinaanguka chenyewe. Alipofika kwenye neno chenyewe alikuwa ameshakwenda zake, mdomo wazi.

Nimepata siri. Ni uchovu!

Jumamosi, 15 Machi

Mpango wa kujichosha. Mume yuko kazini. Nimeosha mapazia yote, nimesugua masufuria nje na ndani, nimepanga kabati la mtoto mara tatu kwa mpangilio tofauti. Saa tisa nikaanza madirisha ya jikoni. Dirisha la kwanza nikamaliza. Nikainama kuosha kitambaa kwenye ndoo, nikakaa sakafuni nipumzike kidogo, na hapo nikagundua siwezi kunyanyuka. Tumbo mbele, mgongo umekataa, taya limekaza kiasi kwamba hata kuita siwezi vizuri.

Mume akanikuta hapo. Nilitarajia aseme kitu. Mtu amekaa sakafuni kakumbatia ndoo, hata kinyozi bubu angepata la kusema. Hakusema. Akakaa chini pembeni yangu na suruali yake nzuri, kwenye maji ya sabuni.

Akaniambia anaogopa. Kwamba kila siku akiwa ananyoa watu anawaza hiyo siku itakavyokuwa. Kwamba nyumba imekuwa kimya kama ofisi ya kodi, na alipokuwa ananichekesha alikuwa anajichekesha na yeye, ili asiwaze.

Nilitaka kumwambia hata mimi naogopa. Naogopa mpaka meno yanauma. Nikamwambia bado dirisha la pili.

Akalimaliza yeye.

Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Aibu ya mwaka. Naiandika mara moja tu, sitaisoma tena.

Nilifikiri hivi: kama mstari unashuka misuli ikilegea, basi kibandiko kikibanduka kidogo mstari utashuka pia, na nani atajua? Mtaalamu alipogeuka kuchukua mto, nikapenyeza kidole nikakibandua kimoja. Mstari ukaanguka mpaka chini kabisa! Ukanyooka kushinda hata wa Bi Usingizi. Nikafumba macho, nikafungua mdomo kidogo, nikaanza kukoroma.

Mashine ikapiga king'ora. Kumbe ina king'ora. Bi Usingizi akazinduka upande wa pili akaita mapacha wake kwa majina.

Mtaalamu akakibandika upya kibandiko, akakaa kwenye kigoda. Akaniuliza ninaogopa nini hasa. Nilikuwa na majibu matatu ya uongo, yote mazuri. Sijui ilikuwaje nikatoa la kweli. Nikamwambia naogopa nikiachia, kila kitu kitatoka.

Akasema mama, siku hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nimeiandika kama alivyoisema. Nimeitazama sana. Sijaelewa anamaanisha nini.

Alhamisi, 20 Machi

Balaa kiwandani. Maduka yamerudisha kreti arobaini. Chupa hazifunguki! Muuza duka mmoja kateguka kifundo cha mkono. Mwingine katumia koleo, kifuniko kikazunguka bure, kisha chupa ikaanza kuvuja ikiwa imefungwa.

Fundi mitambo akachukua kifuniko kimoja, akasogeza miwani, akatuonyesha hesi zake, ile mistari ya ndani inayoshika shingo ya chupa. Zimekatika. Akasema kuna mtu amegusa kipimo. Nikanyoosha mkono mwenyewe, sitaki mwingine aumie kwa ajili yangu.

Msimamizi akaniambia niwaeleze wenzangu kosa ili lisirudiwe. Nikapanda juu ya kreti. Nikawaeleza vizuri, kwa mifano. Kwamba kifuniko hakishiki kwa sababu kimekazwa sana, kinashika kwa sababu kimekazwa kwa kiasi chake. Kwamba ukizidisha, unaiua ile hesi, na kitu kilichokazwa kupita kiasi ndicho kinachovuja. Kwamba chupa haikutengenezwa ikae imefungwa maisha yake yote, imetengenezwa ije ifunguke mbele ya mtu mwenye kiu. Watu wakapiga makofi. Fundi akawa ananitazama kwa muda mrefu, anatazama uso wangu, anatazama tumbo. Akaniuliza dada, hayo uliyoyasema umeyasikia? Nikamwambia nimeyasema mimi, nitakosaje kuyasikia.

Mtu wa ajabu sana yule.

Jumatatu, 24 Machi

Likizo imeanza. Kliniki ya mwisho kabla ya siku yenyewe. Na leo limetokea jambo.

Nilikuwa nimelala ubavu, vibandiko tayari, mstari umening'inia kama kawaida. Mara nikasikia sauti ya mume kwenye baraza la nje. Kuna waume watatu wamekaa kwenye benchi, naye hajui kukaa kimya kwenye benchi. Nikasikia neno kofia. Anawasimulia wao! Nikasahau kitanda, nikasahau mashine, nikawa masikio matupu. Akafika pale mteja alipokataa kuivua. Akafika pale alipomwuliza sasa bwana ninyoe nini. Mteja akamjibu... na mlango wa baraza ukafungwa na upepo.

Nikageuka kwa hasira. Mtaalamu alikuwa ameshika skrini kwa mikono miwili, uso unang'aa. Mstari ulikuwa umelala chini. Umelala kabisa, wenyewe, bila kibandiko kubanduka. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema sijafanya kitu, nilikuwa nasikiliza. Akasema ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo hiyo!

Nimelifikiria njia nzima. Bila shaka ni masikio. Nimefanya mazoezi ya masikio nusu saa mbele ya kioo. La kulia linacheza kidogo.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika kitandani, wodini. Tuanze na jana.

Uchungu ulianza saa mbili asubuhi, mume akiwa ananikata kucha za miguu maana mimi sizifikii. Kufikia saa tisa alasiri nilikuwa chumba cha kujifungulia, njia imeshafunguka, kazi iliyobaki ni kusukuma. Nikasukuma. Nikasukuma kama mtu anayesukuma lori. Saa nzima. Kisha nusu nyingine. Mtoto anasogea kidogo, anarudi alikotoka.

Mkunga, mama mnene mwenye mikono ya joto, akaniambia mama, unasukuma huku umefunga mlango. Legeza. Nikamwambia nimelegeza. Akaniwekea kidole kwenye taya. Taya lilikuwa jiwe. Nikajaribu pumzi za tumboni. Nikajaribu kuwaza mkeka wa Bi Usingizi. Nikajaribu hadi masikio! Mkunga akamnong'oneza msaidizi wake, nikasikia wanasema daktari, nikasikia wanasema kumvuta mtoto. Nikaogopa uoga ambao sijawahi kuuona. Nilifikiri kwa mara ya kwanza kwamba huenda sitaweza, na kwamba mwanangu yuko pale mlangoni anagonga na mimi ndiye niliyeshika komeo.

Mume alikuwa kichwani kwangu, kaloa jasho kuliko mimi. Nikamshika kola. Nikamwambia sikubali kwenda popote bila kujua. Nikamwondolea marufuku. Nikamwambia amalizie kisa, sasa hivi, mpaka mwisho.

Akamtazama mkunga. Mkunga akasema haya, sema basi, uchungu mwingine unakuja.

Akasimulia. Kwamba alimwuliza yule mteja, bwana, sasa ninyoe nini? Mteja akasema wewe washa mashine tu, iwe inavuma. Akaiwasha. Ikavuma. Mteja akafumba macho, akapumua kwa raha. Mume akashindwa kuvumilia, akainyanyua kofia. Upara! Hakuna hata unywele mmoja, kichwa kinang'aa, unaweza kujitazama. Mteja akamwambia bila kufumbua macho kwamba nyumbani kuna watoto saba, na ruhusa pekee aliyonayo ya kutoka ni ya kwenda kunyoa.

Nikahisi kitu kinapanda tumboni. Nikakibana. Nikauliza, maana lazima niulize, yaani mkewe hajui kama ana upara?

Mume akasema hilo hilo ndilo alilomwuliza. Mteja akasema anajua vizuri sana. Tena mkewe ndiye anayemtuma. Akirudi, mkewe huwa anamwambia amependeza.

Nikacheka. Mungu wangu, nikacheka! Nilicheka kwa mdomo wote, kwa tumbo lote, mkunga anacheka, msaidizi kajificha nyuma ya trei. Nilivuja kila kinachovujika na sikujali. Na katikati ya kicheko, mkunga akapaza sauti kwamba kichwa hicho, kichwa hicho, endelea kucheka mama. Uchungu ukaja, ukapita wenyewe. Mara mbili tu. Ya tatu ikawa ni yeye.

Msichana. Kilo tatu na gramu mia moja. Upara mtupu.

Mume alipomwona kichwa akaishiwa maneno, kinyozi mzima. Akalia. Mimi pia nililia, naandika kwa sababu hili ni daftari la ukweli.

Jumamosi, 29 Machi

Nyumbani. Mtoto anajua kunyonya, kulala na kunitazama kwa jicho moja kama mkaguzi.

Jana kabla sijatoka wodini mtaalamu alikuja kunisalimia. Akaniambia nimeshonwa nyuzi mbili tu, kila kitu kimekaa sawa, sasa nipumzike, nisikaze wala nisijilazimishe, tutaonana baada ya wiki sita tuone misuli inaendeleaje. Nikamwuliza anadhani ni nini hasa kilichosaidia. Akasema ulicheka, ukaachia. Nikamsahihisha kwa heshima. Ni zile mara 312 za siku ya kwanza, zilichelewa tu kufanya kazi. Kicheko kilitokea kwa bahati mbaya, wakati huo huo. Akambusu mtoto akaenda zake. Nadhani nimemfundisha kitu.

Wiki sita ni nyingi mno. Nimepanga hivi: kila mtoto anapomeza, nakaza mara moja. Tangu asubuhi nimefika 188. Daftari la bluu linasema nimepumzika sana.

Mume naye karudi na mambo yake. Mchana wa leo aliingia chumbani macho yanacheza, akasema kuna mteja kaja saluni amebeba kiti chake mwenyewe, kutoka nyumbani, kichwani. Kakiweka kando ya kiti cha kinyozi, kakaa hapo, kagoma kuhama. Nikaanza kucheka, nyuzi zikanichoma! Nimepiga marufuku kuchekesha kuanzia leo saa nane mchana mpaka nyuzi zipone. Mume kanywea na kisa chake, kachukua mtoto, na sasa namsikia sebuleni anamnong'oneza kitu. Mtoto kanyamaza kabisa, anasikiliza.

Lakini kwa nini mtu aende kwa kinyozi na kiti chake? Kina nini? Nageuka kitandani na swali hili tangu mchana. Kesho nitamwomba anisimulie kwa sauti ya huzuni. Safari hii nitakuwa nimebana mapema.